Korosho Moja, Serikali Mbili: Nani Mwenye Dhima ya Jasho la Masasi na Newala?

Korosho inayodondoka chini ya mkorosho wa Newala haina mwenyewe mmoja. Kabla haijapakiwa melini bandarini Mtwara, imekwishahesabiwa na wengi. Chama cha msingi kina fungu lake, chama kikuu lake, mwenye ghala lake. Halmashauri inausubiri ushuru wa mazao, na Serikali Kuu inausubiri ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi. Kinachosalia ndicho cha yule aliyepalilia, akapuliza salfa alfajiri, akainama mchana kutwa kuokota.

Makala haya yanawahusu wawili katika orodha hiyo, yaani halmashauri na Serikali Kuu. Wawili hawa ni kama ndugu wanaolima shamba moja la urithi: wakielewana, nyumba nzima hushiba, wakigombania ghala, wa kwanza kulala njaa ni watoto. Nia ya makala si kumtetea mmoja na kumlaumu mwingine. Nia ni kuonesha namna ugomvi wa kifungu kimoja cha sheria, kilichobadilishwa Dodoma, unavyoweza kuifikia meza ya chakula ya mama wa Kitangari, pasina mama huyo kujua ulianzia wapi.

Serikali mbili juu ya kijiji kimoja

Tanzania Bara si shirikisho la majimbo. Hata hivyo, Katiba ya mwaka 1977, katika ibara za 145 na 146, inataka viwepo vyombo vya serikali za mitaa katika kila mkoa, wilaya, mji na kijiji, na inasema madhumuni yake ni kuwapelekea wananchi madaraka. Kwa msingi huo, mwananchi wa Masasi au Newala anaishi chini ya mamlaka mbili kwa wakati mmoja.

Upande mmoja ni halmashauri. Masasi inazo mbili, ya Wilaya na ya Mji. Newala nayo vivyo hivyo. Madiwani wake huchaguliwa na wananchi, nao humchagua mwenyekiti wao. Upande wa pili ni Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa, wanaoteuliwa na Rais. Mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ndiye mtendaji anayesimamia fedha zote, naye hateuliwi na madiwani. Uteuzi wake hutoka juu. Bajeti ikishapitishwa na madiwani hupanda mkoani, kisha TAMISEMI na Hazina, na hukomea kwenye ukomo uliowekwa huko.

Kwa hiyo diwani anaulizwa na wapiga kura wake mambo ambayo ufunguo wake uko kwa mwingine. Hapo ndipo penye mbegu ya ugomvi. Diwani anabeba lawama asizo na uwezo wa kuzitibu, na mtendaji anao uwezo ilhali hapigiwi kura.

Somo la mwaka 1972

Wazee wetu wa nyanda za Makonde wamepata kuyaona haya. Mwaka 1972 Serikali ilizifuta halmashauri za wilaya kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa la kupeleka madaraka chini, lakini kilichopelekwa mikoani walikuwa maofisa wa Serikali Kuu, na baraza lililochaguliwa na wananchi likatoweka. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikafutwa. Katika miaka hiyohiyo watu walihamishiwa vijijini kwa operesheni, na wengi wakaiacha mikorosho yao mbali na makazi mapya.

Matokeo yalionekana ghalani. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, na ilipofika katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi chini ya tani 20,000. Si haki kuibebesha sababu moja anguko hilo: ubwiriunga uliishambulia mikorosho, bei ilikuwa duni, na mashamba yalitelekezwa. Lakini hapana shaka kwamba mkulima alikosa chombo cha karibu kinachomsikiliza wakati ule alipokihitaji zaidi. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika miaka ya 1980, alikiri kwamba kuzivunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Sheria za mwaka 1982 zikavirejesha vyote viwili, na halmashauri zikaanza kazi upya mwaka 1984.

Mwaka 1998, katika utawala wa Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, Serikali ilitoa waraka wa sera ya kuboresha serikali za mitaa. Neno kuu la sera hiyo lilikuwa ugatuaji: madaraka, watumishi na fedha viende kwa wananchi. Ahadi ilikuwa njema. Lakini sera si sheria, na sheria nayo hubadilishwa kwa kura za siku moja.

Mwaka 2018: fungu lilipohama

Hadi mwaka 2018, kila aliyesafirisha korosho ghafi alilipa ushuru wa asilimia 15 ya thamani yake bandarini, au dola 160 za Marekani kwa tani, kutegemea kiasi kipi ni kikubwa. Sheria ya Tasnia ya Korosho ya mwaka 2009, kama ilivyorekebishwa, iliugawa ushuru huo mafungu mawili: asilimia 35 iliingia Mfuko Mkuu wa Hazina, na asilimia 65 ilirudi kuliendeleza zao lenyewe. Fungu hilo la pili ndilo lililogharimia pembejeo, miche bora, utafiti wa kituo cha Naliendele na ubanguaji. Msimu wa 2017/18 salfa iligawiwa kwa wakulima bila malipo, na nchi ikavuna zaidi ya tani 300,000, mavuno ambayo hayakuwa yameonekana kabla yake.

Juni 2018 Bunge lilipitisha Sheria ya Fedha iliyoufuta mgawanyo huo. Ushuru wote, asilimia 100, ukaelekezwa Mfuko Mkuu. Wabunge wa Mtwara na Lindi, wakiwamo wa chama tawala, walisimama kupinga. Mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti wakati huo, Hawa Ghasia, alikuwa Mbunge wa Mtwara Vijijini, naye muda mfupi baadaye aliachia uenyekiti. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: fedha hizi zilitozwa kwa jina la korosho, basi zirudi kwa korosho. Walishindwa kwa kura.

Haikupita miezi mitano, likaja jambo la pili. Katika minada ya Oktoba, bei iliteremka mno ikilinganishwa na msimu uliotangulia, na wakulima wa Newala na Tandahimba wakakataa kuuza. Novemba 2018 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Wakulima wengi waliupokea uamuzi huo kwa furaha, na walikuwa na sababu, kwa maana bei ilikuwa bora kuliko ile ya mnadani. Lakini malipo yalichelewa kwa wengi, wengine wakaingia msimu mpya wa palizi mikono mitupu. Aidha, ushuru wa mazao, ambao kwa kawaida hulipwa na mnunuzi, haukuzifikia halmashauri kama zilivyopanga, kwa kuwa safari hii mnunuzi alikuwa Serikali yenyewe.

Hesabu ya shilingi tisini na tisa

Pengine msomaji atauliza: ushuru wa halmashauri unanihusu nini mimi? Na tuhesabu pamoja.

Ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3 ya bei ya shambani; ulishushwa kutoka asilimia 5 mwaka 2017, kwa uamuzi wa Bunge. Kwa bei ya shilingi 3,300, ushuru wa kilo moja ni shilingi 99. Kiasi hicho ni kidogo mno kwa kilo moja, lakini kwa tani 1,000 ni shilingi milioni 99. Kwa halmashauri za huku, ambazo hazina viwanda wala hoteli kubwa, hilo ndilo pato kuu la ndani. Ndilo linalomalizia boma la zahanati lililoanzwa kwa nguvu za wananchi, na ndilo linalonunua madawati.

Zaidi ya hayo, ile ile Sheria ya Fedha ya mwaka 2018 iliyolihamisha fungu la korosho ndiyo iliyozilazimisha halmashauri kwa sheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Kwa familia zinazojiepusha na riba, huu ni mlango wa nadra wa kupata mtaji wa cherehani, wa kuku au wa kubangua korosho nyumbani. Ila mlango huo unafunguliwa kwa ufunguo wa ushuru. Halmashauri isipopata ushuru wake, hakuna cha kutengea asilimia 10, na kikundi cha akina mama kilichojaza fomu kitaambiwa kisubiri.

Mwaka 2023 Serikali Kuu iliisimamisha mikopo hiyo nchi nzima baada ya kubainika kwamba fedha nyingi hazirejeshwi na vikundi vingine ni hewa. Ilipokuja kuirejesha mwaka 2024, Halmashauri ya Mji wa Newala ilikuwa miongoni mwa halmashauri 10 zilizochaguliwa kujaribu utaratibu wa kuipitisha kwenye benki. Hapa tena, fedha ni za halmashauri, lakini aliyefunga na aliyefungua alikuwa mwingine. Kikundi kilicholipa deni lake kwa uaminifu kilisimama pamoja na kile kilichokimbia nalo.

Hoja ya upande wa pili

Insafu inatutaka tuisikilize na Serikali Kuu, kwa maana hoja zake si dhaifu. Kwanza, mishahara ya walimu wa Masasi na wauguzi wa Newala hutoka Hazina. Hakuna halmashauri ya huku ambayo ingeimudu kwa ushuru wa korosho peke yake. Barabara ya Mnivata, Newala hadi Masasi, kilomita 160, haijengwi kwa shilingi tisini na tisa tisini na tisa. Inajengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ambao dhamana yake ni nchi nzima. Pili, kuna wilaya ambazo hazina korosho, kahawa wala dhahabu, na watoto wao wana haki ya dawati kama watoto wetu. Kapu moja la taifa ndilo linaloweza kuwafikia. Tatu, Serikali ilidai kwamba fedha za mfuko wa korosho hazikusimamiwa vyema.

Hoja hizi zina uzito, lakini hazifiki mwisho. Mfuko ukivuja, huzibwa tundu na mhasibu akaulizwa. Kuuondoa mfuko wote si kuziba tundu. Na kapu la taifa lilikuwa na fungu lake tangu awali, ile asilimia 35. Kama halikutosha, pangeweza kuwapo mazungumzo ya kuliongeza. Kilichowauma watu wa kusini si kwamba taifa limechukua, bali kwamba limechukua bila kuwaketisha wenye mikorosho na kukubaliana nao.

Sisi tunaoandika daftari za misikiti tunalijua jambo hili kwa udogo wake. Fedha iliyochangwa kwa ajili ya kisima haigeuzwi kuwa ya kupaka rangi ukuta, hata kama ukuta unachusha. Anayetaka kuigeuza hurejea kwa waliochanga akawaomba rai. Kamati isiyofanya hivyo inaweza kuwa haikuiba hata senti moja, lakini mwaka unaofuata sanduku litakuwa jepesi. Amana hupungua kwa kuibwa, na hupungua pia kwa kuhamishwa pasi na idhini.

Na kweli, baada ya mwaka 2018 ilipita misimu mitano mfululizo bila nchi kufikia tena tani 300,000. Hali ya hewa ilichangia, bei ilichangia. Lakini mkorosho usiopulizwa salfa kwa wakati hauna simile na ubwiriunga. Katika miaka ya karibuni Serikali imerejea kugawa pembejeo kwa ruzuku, na mavuno yamepanda tena. Huo ni ushahidi kwamba fedha inayorudi shambani haipotei.

Maji na barabara: pale waliposhirikiana

Tusidhani kwamba baina ya ngazi hizi kuna uhasama tu. Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa uwanda, bonde la Ruvuma likiwa chini yake, lakini juu huko hakuna mto. Mchanga wa uwanda wa Makonde hunywa mvua yote, na kwa vizazi wanawake walishuka mabondeni na kupanda na ndoo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde, unaovuta maji kutoka Mitema na kuyapandisha hadi Newala, Tandahimba na Nanyamba, usingewezekana kwa halmashauri moja. Kadhalika chemchemi ya Mbwinji inainywesha Masasi pamoja na Nachingwea, ambayo imo Mkoa wa Lindi. Maji hayakuuliza mpaka wa mkoa, na ilihitajika Serikali Kuu kuwaunganisha majirani.

Lakini ushirikiano nao una namna zake. Mwaka 2017 barabara za vijijini na mijini ziliondolewa mikononi mwa halmashauri zikakabidhiwa TARURA. Mwaka 2019 maji ya vijijini yakakabidhiwa RUWASA. Wakala hizi zimeleta wahandisi na fedha. Tangu mwaka 2021 kila lita ya petroli na dizeli hutozwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za TARURA, fedha ambazo halmashauri isingeweza kuzikusanya. Kasoro ni kwamba wakala hawa hawawajibiki kwa baraza la madiwani. Kalvati likibomoka, mwananchi humwendea diwani; diwani humwandikia meneja wa wilaya; meneja huangalia bajeti yake iliyopangwa kwingine. Utaalamu umesogea karibu, na uwajibikaji umesogea mbali.

Wenzetu wana meza

Kinachokosekana ni meza ya kuketi. Zanzibar, katika Muungano wetu, inayo. Katiba, katika ibara ya 134, imeweka Tume ya Pamoja ya Fedha kuchambua mapato na matumizi ya mambo ya Muungano, na zipo kamati zinazokutana kuzungumzia kero. Zipo zilizochukua miaka mingi kutatuliwa, lakini walau Zanzibar inajua mlango wa kubisha.

Jirani zetu wa Kenya, katika Katiba yao ya mwaka 2010, walikwenda mbali zaidi. Kaunti 47 zinagawana kiasi kisichopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, na Seneti ndiyo inayopitisha kanuni ya mgawo. Wao nao hugombana. Mwaka 2020 Seneti ilikwama kwa miezi kadhaa, hadi Septemba, kwa kuwa kanuni iliyopendekezwa iliupa uzito wingi wa watu, na kaunti za Pwani na Kaskazini Mashariki, zenye ardhi kubwa na watu wachache, zikahofia kupunjwa. Lakini ule ugomvi ulikuwa wa hadharani, wenye kanuni na wenye mwisho. Hakuna aliyeamka asubuhi akakuta fungu lake limefutwa. Mtwara ya mwaka 2013, katika ghasia za bomba la gesi, ilituonesha madukuduku ya watu yanakokwenda yakikosa meza: huenda barabarani, na barabarani hupotea roho.

Halmashauri nayo ijitazame

Lipo neno moja lililobaki, na ni zito kwa upande wetu. Halmashauri zinalalamika kwamba Dodoma haizirejeshei haki yao. Na vijiji je? Mwongozo wa miaka mingi unazitaka halmashauri zirejeshe vijijini asilimia 20 ya mapato yao ya ndani. Vipo vijiji vingi ambavyo hadithi ya asilimia 20 vinaisikia kwenye mikutano tu. Ushuru unakatwa kwenye korosho ya kijiji, unapanda wilayani, na hauonekani ukishuka. Halmashauri inayokishikia kijiji fungu lake haina ulimi wa kuidai Hazina fungu lake. Anayetaka kutendewa haki na aliye juu yake aanze kwa aliye chini yake.

Kwa hiyo kazi inaanzia karibu. Sheria inautaka Mkutano Mkuu wa Kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake. Tuhudhurie, wanaume kwa wanawake, na tuulize kwa adabu maswali matatu: msimu huu ushuru wa korosho ya kijiji chetu ulikuwa kiasi gani, asilimia 20 imerudi lini, na asilimia 10 imekopeshwa kwa vikundi vipi? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Diwani ayapeleke kwenye baraza. Na mbunge anapokuja kuomba kura, aulizwe swali la nne: je, yuko tayari kupeleka bungeni pendekezo kwamba mgawo wa ushuru wa zao usibadilishwe kabla ya halmashauri zinazolilima kuketishwa na kusikilizwa?

Maswali haya hayamvunjii mtu heshima. Ni hesabu tu, na hesabu hudaiwa baina ya watu wanaokusudia kuendelea kuishi pamoja. Mikorosho ya Masasi na Newala itachanua tena mwaka ujao, Mwenyezi Mungu akijaalia. Ni juu yetu kuhakikisha kwamba maua hayo yatakapokuwa korosho, na korosho ikawa fedha, kila fungu litakuwa na anwani yake, na kila mwenye kulishika atajua kwamba kuna watu wanaolihesabu.